Majembe ya Gideoni Chini ya Bati

Habari hii ni kweli kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Haikutiwa chumvi hata ya kuonjea mboga, na msimulizi wake yuko tayari kushika Biblia kwa mikono yote miwili.

Jumatatu moja wakati wa Mwingereza, huko Ngujini, Gideoni mfua chuma alikuwa akivukuta moto huku majembe yake yakipita mlangoni kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Siku hiyo kijiji kilikuwa kinazibua mfereji. Wenye majembe wengine walikuwa na homa, wengine uvivu, kwa hiyo majembe yalitangulia yenyewe, yakirukaruka kama mbuzi waliofunguliwa. Priska, mkewe Gideoni, alilalamikia jambo moja tu: yakirudi hayafuti matope.

Shida ilikuwa mjini Same. Madukani yalirundikwa majembe ya Ulaya ambayo Serikali ilitaka yanunuliwe, nayo yalilala tu kama mawe. Basi ikatoka amri ya Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya: mfua chuma asiye na leseni, moto wake uzimwe kabla ya vuli. Na leseni haikutolewa ila kwa kiwanda chenye paa la bati, dirisha la kioo na bomba la moshi.

"Tumuuze mtamba," akasema Gideoni, "tununue mivukuto mipya, nifue mara mbili."

"Na leseni je, baba Lea? Utampelekea Bwana Shauri upepo?"

Mtamba akauzwa, bati likanunuliwa. Mivukuto ikaendelea kutiwa viraka.

Kiwanda kiling'aa hata mwewe wakakikwepa. Ila majembe yaliyozaliwa chini ya bati yalikuwa na tabia nyingine. Yaliamka saa tatu. Yalijipanga ukutani yakisubiri barua. Jumamosi adhuhuri yalilala. Mzee Eliakunda, msimamizi wa mfereji, akaja na lake mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gideoni, jembe hili linaniuliza limetumwa na nani. Nimelima miaka hamsini, sijawahi kuhojiwa na jembe."

"Livumilie, mzee, bado jipya."

"Maharage yangu hayajui kuvumilia. Wiki ijayo nashuka Same kununua la Ulaya. Hilo walau halisemi."

Eliakunda akinunua la Ulaya, Ngujini nzima ingemfuata, na Gideoni angebaki na bati la kukingia maji ya mvua.

Priska alijenga kibanda cha majani ya migomba nyuma ya kiwanda, akahamishia huko fuawe na mivukuto yenye viraka. "Bati ni la Serikali," akasema. "Moto ni wetu."

Majembe ya kwanza ya kibandani yalitoka kabla hayajapoa, yakaenda mferejini yakifuka mvuke. Eliakunda akayafuata nyuma akiimba, na safari ya Same ikafa.

Bwana Shauri akaja kukagua. Akaketi chini ya bati, mahali pasipofanywa kazi yoyote. Jembe moja likataka kupita. Akasogeza buti lake kando, likapita. Kisha akamgeukia karani wake, Tumainieli.

"Andika: kazi imeongezeka maradufu. Sababu, bati."

"Lakini Bwana, kazi inafanyika kule nyuma."

"Kule nyuma hakumo kwenye fomu."

Tumainieli akaandika. Leseni ikatoka, ya kuuza Ngujini tu. Maduka ya Same yakabaki ya majembe ya Ulaya. Mwezi uliofuata wafua chuma wote wa Upare wakaamriwa kununua bati. Mitamba wakashuka milimani kwa foleni, na nyuma ya kila kiwanda kilichong'aa kikaota kibanda cha migomba. Majembe yakaendelea kwenda kazini.

Na siku hiyo ya ukaguzi, kwa furaha, Bwana Shauri alikula makande mabakuli matatu, akalamba na mwiko...

Msimulizi alipofika hapo, Lea, bintiye Gideoni, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu tisa, akanyoosha kidole.

"Uongo! Majembe sawa, niliyaosha matope mwenyewe. Lakini mzungu yule hakugusa makande. Makande niliyamaliza mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Msimulizi akajitetea, akashindwa, akaingia ndani kuleta faini ya uongo wake, akatoka na kibuyu cha dengelua, pombe yake ya miwa aliyoificha tangu Ijumaa. Akamtilia Lea kwanza.