Unga Uliopewa Jina Jingine

Mama Pacha alijua njia nyingi za kupika unga wa mahindi, na zote alizijua kwa lazima. Tangu mumewe awe mtu wa kuitwa kazini pale tu anapohitajika, ngano ilihama nyumbani na mahindi yakahamia na godoro na mito yake. Asubuhi uji mwepesi wenye ndimu. Ugali ukilala, aliukata vipande, akavikaanga mpaka vishike ukoko, akavinyunyizia chumvi. Maziwa yakichacha, hayamwagwi: alikandia mkate, akauoka kwenye sufuria yenye makaa juu ya mfuniko. Ndizi zikiiva kupita kiasi, alizipondea kwenye unga, akamimina chapati laini kikaangoni.

"Mama, leo mahindi yamevaa nini?" wanawe pacha waliuliza.

"Leo yamevaa suti. Kaeni mle."

Nyumbani ilikuwa mzaha. Kazini ilikuwa siri.

Alishona mapazia katika karakana ya wanawake pekee. Mkata vitambaa wao walimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzima. Siku moja Redio alimsema mteja aliyetaka pazia la hariri kwa bei ya leso. "Yule? Kwake mahindi asubuhi, mahindi jioni. Ukimtikisa zinadondoka punje!" Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Pacha alicheka kuwashinda wote, huku chini ya meza akiusukuma kwa mguu mkebe wake wa chakula mpaka ukagota ukutani.

Basi walipoonja keki yake yenye maganda ya chungwa na kumuuliza ni ya unga gani, alijibu upesi, "Semolina. Ile ya ngano. Dada yangu huniletea." Dada yake mwenyewe wakati huo alikuwa akinywa uji. Lakini rangi ya manjano na ule ukwarukwaru wa ulimini vilimwunga mkono, na uongo ukishapata mashahidi wawili hujiona ndoa halali. Wakamwagiza keki kila kukiwa na jambo.

Safari hii jambo lilikuwa kumkaribisha mpiga pasi mpya, mama mpole mwenye mikono yenye makovu ya mvuke. Alikula vipande viwili amesimama, kisha akachukua cha tatu na kuanza kukifunga kwenye karatasi.

"Hiki cha binti yangu," alisema. "Ila niulize kwanza, dada. Hakina mahindi? Mtoto wangu mwili wake haupatani nayo kabisa. Akila anavimba midomo, kisha kifua kinambana. Mara ya mwisho tulikimbizana hospitali."

"Mahindi? Kwa Mama Pacha?" Redio alidakia. "Mwenzangu, umeingia nyumba ya semolina! Si ndiyo, Mama Pacha?"

Mama Pacha alikuwa akibana pindo, na midomoni ameshika pini nne. Kuzitoa ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Hakuzitoa. Wote walikuwa wakimtazama, na Redio alikuwa tayari anatabasamu. Akaitikia kwa kichwa.

Mpiga pasi akakunja karatasi vizuri, akaiweka mkobani.

Pindo lile Mama Pacha alilishona upande. Akalifumua. Akajiambia kipande kimoja ni kidogo. Akajiambia huenda mama yule anatia chumvi. Wazazi wengine mtoto akipiga chafya wanaita ndugu. Halafu akawafikiria wake wawili, akaona anavyoyapanga maneno ya kumzika mtoto wa mwenzake, na jasho likamtoka. Alipoinua kichwa, meza ya pasi ilikuwa imepoa na mwenyewe ameshaondoka. Mama Pacha hakuaga mtu. Alimuuliza mlinzi wa mlangoni mahali anapokaa mpiga pasi, akakimbia, uzi ukining'inia kwenye sketi.

Aliwakuta chumbani, mlango wazi. Kipande cha keki kilikuwa juu ya meza. Mtoto alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, amekisogezea pua.

"Kanawe mikono kwanza," mama yake alimwambia, kisha akageuka. "Ah, dada! Karibu. Kuna nini?"

Hata hapo, jamani, hata hapo ulimi wake ulitafuta uchochoro.

"Nimekuja kuchukua hiyo keki. Nahofia yai moja lilikuwa bovu."

"Bovu?" Mpiga pasi alicheka. "Mimi nimekula viwili na hapa natafuta cha tatu. Acha kujisumbua, kaa."

Mtoto alirudi na mikono inayochuruzika maji, akanyoosha mkono mezani.

"Ni mahindi!" Mama Pacha alipiga kelele. "Yote ni mahindi. Hakuna semolina, haijawahi kuwepo."

Mpiga pasi aliudaka mkono wa mtoto hewani. Akaushika hivyo hivyo, akimtazama mgeni.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniona nakifunga."

"Nilikuwa na pini mdomoni."

"Na kichwa? Kichwani nako kulikuwa na pini?"

 Uso ulimwaka Mama Pacha kama aliyefunua sufuria ya moto. Kuchekwa na Redio, jambo alilolikimbia miezi yote, sasa kulionekana kitu kidogo, cha kukaa kiganjani.

Mpiga pasi akatoa sabuni na kitambaa, akavisukuma mezani. "Chembe zimedondoka. Futa. Na kitini pia."

Akafuta. Akapiga magoti, akafuta na sakafu.

"Anti," mtoto alisema kutoka mgongoni kwa mama yake, "kwa nini ulisema uongo?"

"Niliona aibu. Kwetu tunakula mahindi kila siku."

Mtoto alilifikiria hilo. "Basi mna bahati," alisema. "Mimi siruhusiwi."

Hilo lilimchoma kuliko pini. Mama Pacha aliendelea kusugua mahali palipokwisha kutakata.

"Kesho utawaambia mwenyewe," mpiga pasi alisema. Hakupandisha sauti. "Si kwa ajili yangu. Kuna siku mwingine atauliza."

"Nitawaambia."

"Redio atakutangaza."

"Atangaze."

Mpiga pasi akafungua mlango zaidi kumpisha. Hakumwambia karibu tena, wala Mama Pacha hakutegemea. Alipofika barabarani alimsikia mtoto akiuliza sasa atakula nini, na mama yake akijibu kwa sauti iliyochoka, "Subiri, mwanangu. Nitakupikia kitu."