Mnyoo wa Kumi

Nakutegea: ndugu wawili wamefanana kichwa na tumbo, hata mama yao angewachanganya, ukitaka kuwajua, watazame makalio. Umeshindwa? Usinipe mji, jibu nakupa bure. Ni minyoo wa udongoni, wale wanaotia mizizi vinundu.

Ni wadogo kama ncha ya sindano. Mpimaji humkata mnyoo sehemu ya nyuma kwa wembe, akaiweka chini ya hadubini, akaisoma mistari yake kama alama za kidole gumba. Ikiwa ya duara, huyo ni nafuu, miche humstahimili. Ikiwa imepanda juu kama upinde, huyo ni nduguye, na akishaingia shamba la mtu hatoki.

Basi asubuhi moja, katika maabara kando ya kitalu, mpimaji mmoja alikuwa akipima miche ya nyanya ya shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Sheria ya maabara ni minyoo kumi kwa kila kitalu. Alipomaliza wa tisa, wote duara tupu, furaha ikamzidi. Akafungua dirisha.

"Shangazi, safi! Ita gari!"

Akarudi kummalizia wa kumi, kutimiza sheria tu.

Upinde.

Akafuta kioo, akatazama tena. Upinde ule ule. Labda nimemkata vibaya, alijiambia, akatoa mwingine kwenye mzizi huo huo. Naye pia, upinde.

Kitalu kizima kitachomwa, na shangazi hana kingine. Ndicho kilichomsomesha yeye mpaka akajua kushika wembe huo. Na hakuna mwingine aliyeona. Tone moja la maji, na kioo kingekuwa kitupu, upinde umesafishwa. Lakini miche ile ilikuwa inakwenda kwa wakulima ishirini, kila mmoja na shamba lake na watoto wake.

Nje, mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa kwa kishindo. Akagutuka kama mwizi.

Shangazi akachungulia dirishani, mikono imejaa udongo. "We bibie, dereva anauliza, tupakie? Au mpaka akuletee barua ya posa?"

Mpimaji akakifunika kioo kwa kiganja.

"Mbona umekauka hivyo? Umeona nyoka?"

"Mnyoo, shangazi."

"Mnyoo! Miaka sita unawakata matako, leo ndio wakutishe?" Shangazi akacheka, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikafa. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wamekwisha kuinua trei ya kwanza, wanangoja neno.

"Mwanangu," akasema polepole, "nimekuuliza. Tupakie?"

Mpimaji alishika kizingiti cha dirisha.

"Msipakie, shangazi. Hata mche mmoja."