Mzee Chenge Akagua Barua Pepe

Daktari Wilhelmina Maige alikuwa mtaalamu wa samaki, miaka yote akipasua matumbo ya sangara kujua wamekula nini. Mwaka 1998 Wizara ya Mambo ya Nje ikatafuta mtu anayeielewa intaneti, ikampata yeye aliyezoea kuandikiana barua pepe na watafiti wenzake, ikamgeuza mwanadiplomasia. Kabla ya mkutano wa Geneva kuhusu sheria za intaneti alirudi kwao Mwanza kukusanya maoni.

Afisa mmoja wa serikali, Mzee Chenge, alikuwa na oni moja tu: kila barua pepe isomwe kwanza na ofisi yake.

"Sawa, mzee. Basi tujaribu leo," Wilhelmina akamwambia. "Kwa wale watakaokubali."

Wakaenda dukani kwa Jitesh, katikati ya mji, kwenye kompyuta ya kukodi. Chenge akavuta kiti.

Wa kwanza alikuwa Mihayo, mfanyabiashara wa dagaa. Chenge akamsahihishia sarufi hadi laini ya simu iliyoleta intaneti ikakatika, wakaanza upya. Foleni ikafika barabarani.

Akafuata Gangaben, mama yake Jitesh, anayemwandikia dada yake Uingereza kwa Kigujarati.

"Hapa umesema nini?" Chenge akauliza.

"Namsema mkwe wake. Mvivu."

"Na hapa?"

"Bado namsema."

"Na huku chini?"

"Huko nimesema kuna mzee kanikalia karibu, ananuka vitunguu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Chenge akasogeza kiti.

Jitesh, kwa kumwonea huruma, akasema, "Mzee, si una binti anasoma India? Mwandikie na wewe."

Chenge akafuta miwani, akaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja. Mihayo akachungulia begani kwake.

"Mzee, 'nimekukumbuka' umeiandika vibaya."

Chenge akavua koti, akafunika kioo cha kompyuta.

"Hamna adabu? Haya ni mambo ya mtu na mwanawe!"

Wilhelmina alijiuma mdomo asicheke.

"Mzee, hayo niyaandike kuwa ndiyo maoni yako?"

Chenge alimtazama, akatazama foleni, akashusha pumzi.

"Andika. Lakini kwanza tokeni nje, wote."

Wakatoka. Wilhelmina akasimama juani na watu wa foleni, amefurahi kuliko siku yoyote tangu aache samaki. Mle ndani Chenge alichukua muda mrefu sana, na hakuna aliyegonga mlango.