Kona Tulivu, Nyuma ya Bati

…malaika, anasema malaika, mwenyekiti wa kamati kakishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama anayevuta kamba ya kisima, "tumewaletea malaika wetu hawa wenye usonji sinema ya uwanjani, na wao wajisikie watu," na wao, eti, hadi jana walikuwa nini, na malaika mwenyewe ndiye huyu binti wa miaka kumi na mmoja aliyemng'ata daktari wa meno mwezi uliopita, tena kwa haki, alimshika kidevu bila kumwambia, na sasa wanapiga makofi, makofi, kwenye onyesho la watu wasiostahimili makofi, Mungu nipe subira, anawaza mama mtu, kasimama ndani ya utepe waliouzungushia Kona Tulivu utadhani pana maiti, mto mmoja wa kukalia ungali na karatasi ya bei, vizuia sauti vya masikioni viwili kwa familia kumi na nne, na nyuma ya uzio wa bati, hatua tatu tu, jenereta linanguruma, kwa sababu hapa ndipo palipobaki, hakuna mwingine aliyepataka… na aliwaandikia, kurasa tatu zenye vichwa vya herufi nzito, ili wajue chuo alikwenda kusoma, sauti isipande ghafla, taa zisizimwe zote, anayetaka kuzunguka azunguke, na ukurasa wa pili, kapigia mstari, jenereta liwe mbali, wakajibu "tumeipokea kwa moyo mkunjufu"… na wiki tatu binti anauliza kila asubuhi, "Leo sinema?", sasa amrudishe nyumbani kabla filamu haijaanza, au wabaki azidiwe mbele za watu, waanze kuguna kama yule mama wa foleni dukani, mtoto mkubwa hivi hana adabu… "Dada," ni fundi wa jenereta, zile kurasa tatu za mama mtu zimechomoza mfukoni mwake, zina mafuta, kumbe katika wasomi wote hawa wa fulana za kamati aliyesoma ni huyu, "barua yako nimeiona, nikilizima na kuliburuta nyuma ya ukuta ule ni dakika tano, nilizime?" na ndiyo imeshamfika mdomoni, zima, wakome, anageuka amshike binti mkono, na binti kaegemeza mgongo wote kwenye bati linalotetemeka, macho yamelegea, vidole vilivyochuna kucha tangu asubuhi vimetulia, anaguna sauti ileile ya jenereta, moja, ndefu, isiyopanda… mashine ya kufulia, jamani, anavyoikalia ikizunguka, na yeye mama humshusha kila Jumamosi, shuka, utaumia, hajawahi kuumia… kurasa tatu, na hakuna mstari hata mmoja aliomuuliza mwenyewe, halafu akawaita wenzake wajinga wanaosemea watu… "sasa tumkaribishe mzazi mmoja atoe shukrani," anaita mwenyekiti, mjinga bado ni mjinga, hilo halijabadilika, ila leo hayuko peke yake… "Dada, nilizime?"… "Mwanangu," anauliza polepole, "liondoke au likae?" na jibu la mtoto huyu huchukua muda wake, kila mtu humjibia, walimu, daktari, na yeye kuwapita wote, fundi anasubiri, mwenyekiti anaita tena, na mama mtu kaung'ata ulimi, anasubiri vilevile.