Roshani Imejaa

Usiku wa jana niliota siwa ya bunge la kaunti yetu imekaa kwenye ngazi za mlango mkuu, inakula njugu. Siwa ni lile rungu la rangi ya dhahabu linalobebwa mbele ya Spika. Bila siwa, bunge si bunge, ni watu tu waliovaa suti. Mimi ndiye afisa wa itifaki. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuhakikisha kikao kipya kinafunguliwa, Gavana anahutubia, na hakuna mtu anayeaibika, hasa mimi.

"Mbona uko huku nje?" nikaiuliza. "Msafara wa Gavana umeshatoka."

"Siingii," ikasema siwa, ikapuliza maganda ya njugu kutoka kiganjani. Sikujua kwamba ina viganja, lakini sikuuliza. "Kuna kauli haijatimia."

"Kauli ya nani?"

"Yako. Ya jana, mkila ugali. Ulimwambia shangazi yako kwamba roshani ya wageni imejaa."

Ni kweli nilisema hivyo. Shangazi Mghoi, aliyenilea, alikuja kutoka kijijini Jumapili akiwa na dera jipya la kijani, alilolishonesha kwa ajili ya ufunguzi huu tu. Alitaka kukaa kule juu kwenye roshani, wananchi wanapokaa kutazama bunge, anione nikimwongoza Gavana hadi kitini. Nikamwambia nafasi zimekwisha. Roshani yetu haijajaa tangu jengo lijengwe. Siku nyingi hukaa mlinzi peke yake, naye husinzia.

Sababu ni mdomo wa Shangazi. Mtu akiuliza swali jukwaani, yeye hujibu. Mwaka juzi Gavana aliuliza kwenye mkutano wa hadhara, "Jamani, niwaongezee nini?" Watu wote wakapiga makofi. Shangazi peke yake akajibu, "Anza na yale maji!" Akifurahi, hupiga vigelegele hata watu wakiwa wamesimama kwa dakika moja ya ukimya. Na kanuni za bunge zasema mgeni hasemi.

"Lakini nilisemea nyumbani," nikajitetea. "Sikusemea bungeni."

"Wewe ni afisa wa bunge. Afisa akisema roshani imejaa, lazima ijae. Kanuni haiulizi ulikuwa unakula nini."

Nikaona hoja hiyo haina kasoro.

Basi naanza kuijaza. Wa kwanza kufika ni viatu vyangu, pamoja na vile nilivyotupa miaka mingi iliyopita. Vinakaa jozi jozi, vimefunga kamba vizuri. Kabati langu la nguo linapanda ngazi likihema, linaomba maji. Linafuatwa na meko, ndoo mbili, kuku wa jirani waliofungwa tai, na godoro linalosisitiza kwamba ni la wageni mashuhuri.

Tangi la maji la kijiji chetu linakuja pia, tupu kama lilivyo siku zote. Linataka kiti cha mbele.

"Kwa cheo gani?" nauliza.

"Nimezinduliwa mara tatu," linasema tangi. "Utepe umekatwa mara tatu, na picha zipo."

Nalipatia kiti cha mbele.

Roshani ikajaa mpaka kuku wakaanza kupakatana. Kiti kimoja tu kilibaki, cha plastiki, safu ya katikati. Nilimkalisha kuku, akateleza. Nilikalisha ndoo, ikateleza. Nikajaribu kukaa mwenyewe, nikajikuta chini.

"Usijichoshe, ndugu yangu," kikasema kiti. "Mimi nina mtu."

Wakati huo huo sauti ikatoka langoni, ikapita juu ya ukuta, juu ya walinzi na juu ya bendi iliyokuwa ikifanya mazoezi.

"Mwakio! Mwanangu! Niko hapa!"

Kikafuata kigelegele. Kuku wote wakageuka kunitazama.

Mlango wa ndani ukafunguka, joho la Spika likaingia. Ndani ya joho hamkuwa na mtu, jambo ambalo halikunishangaza. Lilikaa kwenye kiti kikubwa likapanga mikono yake.

"Nani anayepiga kelele?" likauliza joho.

"Simjui, Mheshimiwa Spika."

Niliposema hivyo, roshani haikuwa roshani tena. Tumesimama kwenye uwanja wa shule yangu ya msingi, siku ya wazazi, na jua linachoma. Mimi nimevaa suti ya itifaki juu na kaptura ya shule chini. Mwalimu mkuu ananiita nichukue zawadi ya darasa la saba, sahani ya bati na sabuni. Kutoka nyuma kabisa anachomoka Shangazi Mghoi, kitambaa kimemdondoka kichwani, anapiga vigelegele na kukata kiuno hadi mbele ya meza ya wageni. "Huyo ni wangu!" anawaambia mwalimu mkuu, padri na mwenyekiti wa shule, mmoja mmoja. "Huyo ni wangu, mnamwona?" Shule nzima inacheka. Nami nataka ardhi ipasuke, niingie na sahani yangu.

Joho la Spika limekaa pale pale penye meza ya wageni.

"Siku hii ulijiwa na nani?" likauliza.

"Na yeye."

"Na nani mwingine?"

Nikautazama uwanja. Kila mtoto alikuwa na wazazi, na wadogo zake, na wengine hata babu zao. Nikatafuta mtu mwingine wa kumtaja, nikakosa.

"Basi, Mheshimiwa. Ni yeye tu."

"Ndiyo maana alipiga kelele ya watu wengi," ikasema siwa, ikilamba chumvi ya njugu vidoleni. "Alikuwa anajaza nafasi."

Aibu ikanishika. Si ile ya kuchekwa, hiyo nilikuwa nimeizoea. Hii ilianzia masikioni ikashuka mpaka magotini, na kaptura haikunisaidia.

"Ondoa kauli yako," likaamuru joho.

Hiyo ni kanuni. Mheshimiwa akisema uongo bungeni, Spika humwambia aondoe kauli, naye husimama akasema ameiondoa, wote wakaendelea na mambo yao. Nikasimama. "Naiondoa, Mheshimiwa Spika."

"Haya, iondoe."

Nikaangalia chini. Tulikuwa tumerudi bungeni, na kauli yangu ilikuwa imelala sakafuni. Ilikuwa na ukubwa wa gunia la mahindi, imelowa, nayo inanuka mboga za jana. Nikaishika masikio nikaanza kuiburuta. Nilipita nayo kati ya waheshimiwa waliokuwa wameshaketi, nao wakainua miguu kwa adabu ili nipite. Wengine walikuwa na zao chini ya viti.

"Naipeleka wapi?" nikaiuliza siwa nilipofika kwenye ngazi.

"Nje. Kuna njia moja tu, lango."

Langoni alikuwa Shangazi. Nilimwona kupitia vyuma, amevaa dera la kijani, mikono juu, anarukaruka ili anione vizuri. Nikifungua lango nitoe kauli, yeye ataingia. Na ving'ora vya msafara vilikuwa vimefika kwenye kona.

Nikasimama hapo na gunia langu.

"Nitilie mimi," ikasema sauti miguuni pangu. Lilikuwa zulia jekundu. "Sukumia huku chini. Nimezoea."

Nilijua napaswa kufungua lango. Nataka hilo lieleweke: nilijua kabisa. Nikalifunua zulia, nikaisukuma kauli, nikalifunika na kulipigapiga kwa mguu.

Gavana akashuka garini. Akatembea juu ya zulia, akafika penye ule uvimbe, akauruka bila hata kutazama chini. Nikamwongoza hadi kitini. Huku nyuma Shangazi alikuwa bado anapiga vigelegele, kimoja baada ya kingine, bila kupumzika. Kisha sauti ikakwaruza. Ikajaribu tena, ikakwaruza tena. Halafu ikanyamaza.

"Sasa naweza kuingia," ikasema siwa. Ikajipangusa njugu, ikaenda kulala mezani kwenye mto wake, ikanigeuzia mgongo.

Kila kitu kilikwenda sawasawa. Sala ilisaliwa, wimbo uliimbwa, maikrofoni hazikupiga mluzi. Gavana alihutubia muda mrefu, na alipofika mwisho akafungua mikono, akauliza, "Jamani, niwaongezee nini?"

Hakuna aliyejibu. Hata tangi la maji lilinyamaza.

Akitoka, alinishika mkono. "Hongera, Bwana Itifaki. Umepanga vizuri. Nimependa sana huu ukimya." Nilitaka kumshukuru, lakini shingo ilikataa kuinuka.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na ilikuwa siku yenyewe ya ufunguzi. Suti yangu ilikuwa imening'inia mlangoni. Nilisikia sufuria jikoni, nikaenda.

Shangazi alikuwa ameshaoga, amevaa dera lake la kijani, anachuja chai.

"Shikamoo, Shangazi."

Midomo yake ilisema marahaba, lakini sauti haikutoka. Akashika koo, akajaribu tena, ukaja mkwaruzo mdogo tu.

"Nimeamka hivi," akanong'ona. "Sauti imekwisha kabisa. Sijui usiku nilikuwa namwita nani."

Akanimiminia chai, akakaa kwenye kigoda, akavuta dera likae vizuri magotini. Alikuwa anatazama meko.

"Mwakio, ile nafasi. Huwezi kuwauliza tena? Leo hata nikitaka, siwezi kupiga kelele."

Nikamjibu upesi kwamba itapatikana. Kabla aibu haijanifikia, nilikuwa nimeshafurahi.