Utando Uliokuwa Ukibambuka

Kwa miezi saba binti alikuwa akihangaika na jambo moja: kupata kichocheo cha bei nafuu cha kuyapasua maji kwa umeme kidogo, ili hidrojeni itoke iwe nishati. Vichocheo vilivyosifika vilitaka madini ya bei ya kutisha. Yeye alitumia nikeli na chuma, akivipaka juu ya bamba jembamba la nikeli. Kila bamba lilianza vizuri, vipovu vikapanda mpaka akatabasamu peke yake. Siku ya tatu utando ukabambuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Asubuhi moja alikuwa amemwahidi baba yake kumpeleka kupimwa macho. Kazi ikamng'ang'ania, basi mzee akamfuata huko huko maabara. Alikuwa fundi mstaafu wa kupiga vyuma nikeli. Miaka thelathini na tano aling'arisha bampa za magari na mabomba ya bafuni. Akavishwa koti jeupe lililomfika magotini, akaketi kwenye stuli, katulia tuli.

Akamtazama bintiye akisuuza bamba na kulielekeza kwenye dawa ya kupakia. Macho yale yale yaliyongojewa na daktari yakaona kitu.

"Mama, hebu lisimamishe kwanza," alisema.

Akalisimamisha. Maji yalijikusanya matone matone upande mmoja, upande mwingine ukabaki mkavu.

"Hapo pana mafuta. Maji yakikatika hivyo, chochote utakachopaka hakitashika."

Binti akaeleza kwamba alikuwa amelisafisha kwa spiriti, tena mara mbili. Moyoni alichukia kidogo. Shahada zote zile, leo afundishwe kuosha. Mzee hakubishana. Aliuliza tu kama wana magadi.

Walikuwa nayo kabatini, safi kuliko aliyoyazoea mzee. Akayaponda na maji yakawa uji mzito, akavaa glavu, akamwonyesha bintiye jinsi ya kusugua kwa mwendo mmoja bila kurudi nyuma. Wakasuuza. Safari hii maji yalitanda bamba zima bila kukatika, kama kioo. Wakalichovya katika asidi kwa muda mfupi, wakalisuuza tena na kulipaka kabla halijakauka. Kufikia hapo daktari wa macho alikuwa ameshafunga.

Siku ya tatu ikapita, utando upo. Ya kumi, upo. Kila asubuhi mzee alipiga simu kuuliza mgonjwa wao kaamkaje, naye binti akamjibu kwamba anapumua vipovu. Siku ya arobaini akaandika ripoti, na katika orodha ya waliofanya kazi ile akaliweka jina la baba yake pamoja na lake.

Mzee aliposomewa alikuna kidevu, akaona haya.

"Lakini mimi niliosha tu, mwanangu."

"Hicho ndicho kilichotushinda, baba."

Akaiomba ile karatasi, akaisogeza karibu na miwani yake mipya, akajisomea mwenyewe polepole.