Kipandio cha Kumi

"Shikamoo, mama," alisema Najiat, binti wa Tabora mjini aliyekuwa akizunguka vijiji vya Ulyankulu kuuliza watu wanavyoyaona maisha yao.

"Marahaba, mwanangu." Dafrosa akamsogezea kigoda.

Najiat akamwonyesha kwenye simu picha ya ngazi ya vipandio kumi. Chini kabisa maisha mabaya, juu kabisa maisha mazuri. "Leo uko wapi?"

"Sita," Dafrosa akajibu bila shida. Chakula kilikuwepo, nyumba ilikuwa na bati.

"Na miaka mitano ijayo?"

Hapo Dafrosa akaisukuma simu kando. Alikuwa mtoto wa mgongoni mama yake alipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Mama ndiye aliyemsimulia: baba alisimama mbele ya majirani akasema, "Mwakani naezeka bati," na wiki hiyohiyo askari wakamchukua shambani, asirudi. Tangu hapo, kwao kesho haikutajwa kwa sauti.

"Ruka hilo, mwanangu."

Mwanawe Eliya, aliyekuwa akikaza mnyororo wa pikipiki, akacheka. "Mama anaona haya. Mwandikie kumi! Mjukuu yuko njiani."

Najiat akatabasamu, akabonyeza, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Hajafika mbali, Apolinaria, mke wa Eliya, akapiga ukelele chumbani. Dafrosa akamkuta damu imelowesha kanga, na mimba ilikuwa bado haijatimia. Eliya akampakia kwenye pikipiki, jirani akamshika kwa nyuma, wakaondoka kuelekea zahanati. Dafrosa hakupata nafasi. Akamkimbilia Najiat, pekupeku.

"Ifute ile kumi! Nakuomba, mwanangu, mkamwana wangu anakufa!"

Najiat akaduwaa. "Mama, majibu yameshakwenda. Siwezi kuyarudisha."

Dafrosa akageuka. Akashika njia ya zahanati akiomba maneno yasiyokamilika, asithubutu kusema "atapona" wala "hatapona".

Alimkuta Apolinaria hai, amepauka, kifuani pake kitoto cha kiume kikinyonya. Dafrosa akalia. Lakini hofu haikumtoka. Ilihama tu, ikamwangukia yule mdogo.

"Umeona, mama?" Eliya akasema, uso umemchanua. "Huyu atakuja kuwa daktari mkubwa, atatujengea..."

Dafrosa akaliziba sikio la mtoto kwa kiganja.

"Nyamaza, baba," akanong'ona. "Nakusihi. Nyamaza."